Wasomaji wauliza: Wayahudi katika mitaa ya Ufaransa kabla Hitler hajafika

Toleo lililopita nilieleza jinsi Wayahudi zaidi ya 12,000 walivyokamatwa Paris na viunga vyake ndani ya siku mbili, tarehe 16 na 17 Julai 1942. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, lakini waliogonga milango alfajiri ile walikuwa polisi wa Kifaransa. Tangu hapo barua nyingi zinaniuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: chuki ile ilikuwa wapi kabla ya vita? Nimefurahi sana mmeuliza, maana katika miaka yangu ya kufundisha historia nimeona vitabu vya shule vikiruka kutoka kesi ya Dreyfus, yule ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa usaliti, moja kwa moja hadi kwa Hitler, kana kwamba hapo katikati watu walilala usingizi. Maswali nimeyafupisha. Majibu mengine ni marefu, mnivumilie.

"Shikamoo Mwalimu. Myahudi wa Paris mwaka 1925 au 1935, akitoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki, alikutana na nini hasa barabarani? Nauliza mambo ya kila siku, si ya mikutano wala mikataba." – Mwanafunzi wa chuo

Marahaba mwanangu. Kwanza tujue tunamzungumzia Myahudi yupi. Kulikuwa na familia zilizokaa Ufaransa vizazi na vizazi, zenye wanasheria, maprofesa na maofisa wa jeshi. Ukipishana nazo barabarani usingezitofautisha na jirani zao Wakatoliki. Halafu kulikuwa na waliohamia kutoka Poland, Urusi na Romania, na baada ya 1933 kutoka Ujerumani. Vita vya Kwanza vilipokwisha Ufaransa ilikuwa na Wayahudi wapatao 150,000. Kufikia 1939 walikuwa kama 300,000, na karibu theluthi mbili yao waliishi Paris na viunga vyake. Wageni hao walijazana mtaa wa Marais, kuzunguka rue des Rosiers, na kule mlimani Belleville. Walikuwa mafundi cherehani, washona kofia, watengeneza mikoba na makoti ya manyoya, wachuuzi wa masokoni. Wengi walifanyia kazi humohumo walimolala, kwa malipo ya kila nguo waliyoimaliza. Walizungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na walikuwa na magazeti yao ya kila siku kwa lugha hiyo.

Sasa mtoe fundi huyo nje ya chumba chake. Wa kwanza kukutana naye ni mlinzi wa jengo, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke. Aliishi kwenye kijumba cha mlangoni, alipokea barua za wapangaji wote, na alijua nani kaingia na nani katoka. Polisi walipotaka habari za mgeni walianzia kwake. Akiwa mtu mwema, familia nzima iliishi kwa amani. Akiwa na kinyongo, ilitosha aseme kwamba cherehani zinalia usiku, kwamba watu wamezidi chumbani, na fundi akaitwa kituoni na vitambulisho vyake. Tusilione hilo dogo. Mtu aliyetoroka mauaji ya Ukraine mwaka 1919 alijua maana ya kuitwa kituoni.

Akifika barabarani anaziona kuta. Kulikuwa na vikaratasi vidogo vyenye gundi ambavyo vijana walivibandika usiku kwenye nguzo za taa, kwenye stesheni za metro na kwenye vioo vya maduka yenye majina ya Kiyahudi. Kulikuwa pia na maandishi ya chokaa au lami. Maneno hayakuwa mengi: Ufaransa kwa Wafaransa, kifo kwa Wayahudi, msinunue kwao. Kauli hiyo ya kwanza ilikuwa kongwe. Gazeti la Édouard Drumont, mwandishi aliyewapinga Wayahudi, liliitangaza tangu 1892, na wajukuu wa wasomaji wake waliirithi kama ilivyo.

Jumapili ilikuwa na yake. Chama cha Action française, kilichotaka mfalme arudi, kilikuwa na vijana wake walioitwa Camelots du roi, walioanza 1908 kama wauzaji wa gazeti la chama. Baada ya misa walisimama milangoni mwa makanisa wakilinadi kwa sauti. Mkononi gazeti, mkono wa pili bakora, na bakora nyingine zilijazwa risasi ya madini ili ziwe nzito. Gazeti hilo lilikuwa la watu waliosoma, lenye uhakiki wa vitabu na insha za kifalsafa za Charles Maurras, kiongozi wa chama hicho, na ndani yake kila siku Wayahudi walitajwa kuwa wageni wanaoila nchi. Desemba 1926 Papa Pius XI alilipiga marufuku kwa Wakatoliki, na si kwa ajili ya Wayahudi, bali kwa sababu Maurras alikuwa ameifanya dini kuwa kijakazi cha siasa. Wauzaji hawakuondoka mlangoni.

Kwa watoto ilikuwa shuleni. Waliokulia Paris miaka hiyo wamesimulia mara nyingi jinsi tusi la "Myahudi mchafu" lilivyoweza kuzuka katikati ya mchezo wa gololi, mwalimu asisikie au ajifanye hakusikia, mtoto arudi nyumbani amechaniwa shati. Wamesimulia pia walimu waliowashika mkono na kuwasomesha hadi vyuo vikuu, na hilo nalo lazima lisemwe, kwa sababu shule ya Jamhuri ndiyo sehemu ambayo wageni wale waliipenda kuliko zote.

Halafu hali haikuwa moja miaka yote. Mwaka 1920, ndiyo kwanza vita vimekwisha, ugonjwa wa tauni ulitokea Paris. Waliougua zaidi walikuwa maskini waokota taka wa pembezoni mwa jiji. Lakini ndani ya Seneti wazee wa mrengo wa kulia walisimama wakasema Wayahudi kutoka Mashariki ndio walioleta maradhi, na magazeti yakabeba maneno hayo hadi mtaa wa Marais. Baada ya hapo ukaja utulivu wa kiasi. Viwanda vilihitaji mikono, na sheria ya Agosti 1927 ilipunguza muda wa kuomba uraia wa tajnisi hadi miaka 3. Mdororo wa uchumi ulipoingia kuanzia 1931, yule yule aliyeitwa afanye kazi akaanza kuitwa mwizi wa kazi. Kuanzia 1934 mambo yalikuwa ya kupigana.

Septemba 1938 ndiyo ninayoiona mbaya kuliko zote. Hitler aliidai sehemu ya Czechoslovakia, watu Paris walichimba mahandaki bustanini na kugawiwa vinyago vya gesi, na uvumi ukaenea kwamba Wayahudi ndio wanaotaka vita ili walipize kisasi chao kwa damu ya Wafaransa. Watu walipigwa barabarani kwa sababu tu ya sura au lafudhi. Ilikuwa majira ya sikukuu zao kuu, na viongozi wa dini waliwaomba waumini wasikusanyike nje ya masinagogi baada ya ibada. Fikiria hilo: jiji la Azimio la Haki za Binadamu, na watu wanaambiwa watoke kusali wawili wawili, kimya, waende zao.

"Mwalimu, nilisoma kwamba Ufaransa ndiyo iliyotangulia Ulaya kuwapa Wayahudi uraia kamili. Sheria ilikuwa wapi?" – Wakili mstaafu

Ni kweli. Bunge la Mapinduzi lilipiga kura hiyo tarehe 27 Septemba 1791. Na Wayahudi waliilipa nchi hiyo. Katika Vita vya Kwanza walikufa vitani wapatao 6,500, na wageni kwa maelfu walijitolea kupigana kabla hata hawajapewa uraia. Hadithi ya rabi Abraham Bloch, aliyeuawa Agosti 1914 akiwahudumia majeruhi na ambaye ilisimuliwa kwamba alikuwa amempelekea askari Mkatoliki aliyekuwa anakata roho msalaba, ilijulikana nchi nzima.

Wewe ni mwanasheria, kwa hiyo nitakueleza lilipokuwa pengo. Sheria ya magazeti ya tarehe 29 Julai 1881 ilimlinda mtu mmoja mmoja. Ukimtukana fulani kwa jina, aliweza kukushtaki. Ukiwatukana Wayahudi wote kwa pamoja, hakuna aliyehesabiwa kuwa ametukanwa. Kwa hiyo gazeti liliweza kuandika kila siku ya Mungu kwamba jamii nzima ni wadudu, na muuzaji akalinadi mlangoni pa duka la Myahudi, na askari wa zamu akapita kwa salama. Mtu aliyevumilia hayo kwa miaka ishirini hakuwa na wa kumshtakia.

Pengo hilo lilizibwa tarehe 21 Aprili 1939, kwa amri iliyopewa jina la waziri wa sheria Paul Marchandeau. Ikawa kosa kuchapisha matusi au kashfa dhidi ya kundi la watu kwa asili yao au dini yao kwa nia ya kuchochea chuki. Na ilitumika. Louis Darquier de Pellepoix, diwani wa Paris aliyekuwa na chama chake na gazeti lake la kuwapinga Wayahudi, alihukumiwa kifungo cha miezi 3 mwaka huohuo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema chuki ya mtaani haina dawa, kwamba iko moyoni mwa watu. Mioyo siijui. Ninachojua ni kwamba ile ya Paris ilikuwa na wachapishaji, wafadhili, wauzaji wenye saa na mahali pao pa kusimama, na serikali ilipoamua kuwashika ilijua anwani zao. Iliamua miezi minne na ushei kabla ya vita. Tarehe 27 Agosti 1940 serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, iliifuta amri hiyo, na ukiangalia kwamba ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa utaelewa jinsi ilivyokuwa imewabana wachapishaji hao.

"Waswahili husema pafukapo moshi pana moto. Watu wengi hivyo hawawezi kuwachukia wenzao bure. Si walikuwa wameshika mabenki na magazeti?" – Msomaji wa siku nyingi

Ndugu yangu, umeuliza waziwazi na nitakujibu waziwazi. Hapana.

Ufaransa ilikuwa na watu zaidi ya milioni 41. Wayahudi hawakufika hata mmoja katika kila mia. Familia ya Rothschild ilikuwapo, ilikuwa tajiri kweli, na kila aliyetaka kusema neno alianzia hapo. Lakini toka kwenye kasri la Rothschild uende rue des Rosiers, uhesabu vidole vilivyotobolewa na sindano. Aliyewachukia mabenki hakwenda kuvunja kioo cha benki. Alivunja kioo cha muuza mikate.

Na kama tunataka kufuata pesa, tuzifuate hadi mwisho. François Coty, tajiri wa manukato, alikuwa miongoni mwa watu wenye mali nyingi zaidi Ufaransa. Mwaka 1928 alianzisha gazeti la kila siku akaliuza senti 10 wakati mengine yaliuzwa senti 25, hasara akaifidia mwenyewe, na kupitia gazeti hilo akawafundisha wafanyakazi maskini wa Paris kwamba shida zao zinatoka kwa Wayahudi. Yeye hakuwa Myahudi. Wakati huohuo magazeti makubwa ya kila wiki ya mrengo wa kulia, kama Gringoire na Candide, yaliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Kama Wayahudi wangekuwa wameyashika magazeti, je, hayo yangechapwa wapi?

Kisa kilichotumika kuthibitisha moshi huo ni cha Alexandre Stavisky. Alizaliwa Ukraine katika familia ya Kiyahudi, akaletwa Ufaransa mtoto, akakua tapeli. Alitoa hati za uongo za mamilioni ya faranga kupitia benki ya rehani ya mji wa Bayonne, na Januari 1934 akakutwa na risasi kichwani katika nyumba moja Chamonix. Yote hayo ni kweli. Lakini hati zile hazikupita bila meya wa Bayonne, wala yeye hakukwepa mahakama miaka mingi bila wabunge na watu wa serikali waliomlinda, na hao walikuwa Wafaransa wa kuzaliwa. Tarehe 6 Februari vyama vya mrengo wa kulia viliandamana hadi Place de la Concorde, polisi wakafyatua risasi, watu wapatao 15 wakafa. Meya alifungwa na jina lake limesahaulika. La Stavisky lilibandikwa kwa kila fundi cherehani mwenye jina linaloishia kwa "sky".

Ulipoandika "watu wengi hivyo" hapo nakubaliana nawe kidogo. Si wengi waliopiga. Wengi walisoma, wakacheka, wakapita.

"Je, ni kweli kiongozi wa Kisoshalisti alipigwa barabarani karibu auawe, kisha akawa Waziri Mkuu?" – Mpenzi wa siasa

Kweli kabisa. Léon Blum alizaliwa Paris mwaka 1872, baba yake mfanyabiashara wa tepe za hariri kutoka Alsace. Mwaka 1936 alikuwa mbunge wa Narbonne na kiongozi wa chama cha Kisoshalisti. Maurras alikuwa ameandika tayari mwezi Aprili 1935 kwamba Blum ni mtu wa kupigwa risasi, tena mgongoni.

Tarehe 13 Februari 1936 gari alimopanda, la mbunge mwenzake Georges Monnet, lilikwama boulevard Saint-Germain kwenye umati uliokuja kumzika Jacques Bainville, mwanahistoria wa Action française. Wakamtambua. Walivunja vioo, wakang'oa chuma cha gari, wakampiga nacho kichwani. Damu ilimtoka nyingi. Waliomwokoa walikuwa mafundi ujenzi waliokuwa kazini kwenye jengo la jirani. Walishuka wakamwingiza ndani hadi polisi walipofika. Baadaye kofia yake ilikutwa katika ofisi za Action française. Usiku huo serikali iliivunja jumuiya hiyo pamoja na Camelots du roi, na Jumapili iliyofuata maelfu kwa maelfu walitembea kutoka Panthéon hadi Place de la Nation kupinga lililotendeka.

Vijana wa jumuiya hiyohiyo, wiki zilezile, walikuwa katika kazi nyingine inayotuhusu sisi Waafrika. Katika kitivo cha sheria cha Paris walimzomea na kumrushia vitu Profesa Gaston Jèze asifundishe, kwa sababu alikuwa mshauri wa Mfalme Haile Selassie na aliitetea Ethiopia mbele ya Jumuiya ya Mataifa kule Geneva dhidi ya Italia. Jèze hakuwa Myahudi. Nalitaja hili kwa sababu msomaji anaweza kudhani mambo ya boulevard Saint-Germain ni ugomvi wa Wazungu wao kwa wao. Aliyeona Myahudi hastahili kuitawala Ufaransa ndiye aliyeona Mwafrika hastahili kutetewa Geneva.

Juni 1936 Blum akawa Waziri Mkuu. Tarehe 6 mwezi huo, alipofika bungeni, mbunge Xavier Vallat alisimama akasema kwamba kwa mara ya kwanza nchi hii kongwe ya Wagauli na Warumi itatawaliwa na Myahudi. Spika Édouard Herriot alimkemea. Lakini maneno yalikwishatoka, na nje yalitafsiriwa kwa lugha ya baa. Walisema Blum anakula kwenye sahani za dhahabu. Walisema hakuzaliwa Ufaransa, jina lake halisi ni la Kijerumani, ametoka Bulgaria. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwapo Paris kwa yeyote aliyetaka kukiona. Serikali hiyo iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo na saa 40 za kazi kwa wiki, na kuna watu waliokwenda baharini kwa mara ya kwanza maishani kwa likizo ya Blum, huku wakiimba nyimbo za kumtukana.

Maurras alifungwa kuanzia Oktoba 1936 hadi Julai 1937 kwa kuchochea mauaji. Juni 1938 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Académie française, chombo chenye heshima kuliko vyote katika elimu na lugha ya nchi hiyo. Nikisoma tarehe hizo mbili pamoja, hasira yangu haiendi kwa vijana wenye bakora. Inakwenda kwa wale wazee wenye shahada waliompigia kura.

"Unaandika Paris, Paris. Miji mingine je?" – Msomaji kutoka mkoani

Una haki ya kulalamika. Nitataja mitatu.

Strasbourg kwanza. Alsace ilikuwa ya Ujerumani tangu 1871 na ikarudi Ufaransa 1918, na Wayahudi wake walikuwa wa zamani sana, wengi wao wa vijijini. Mwaka 1933 wakimbizi kutoka Ujerumani walianza kuvuka daraja la Kehl juu ya mto Rhine. Wenyeji waliosumbuliwa na kumbukumbu za vita waliwaona hao ni Wajerumani. Kwa hiyo mtu alifukuzwa upande mmoja kwa kuwa Myahudi, akazomewa upande wa pili kwa kuwa Mjerumani, na katikati kuna daraja tu. Vijijini, Joseph Bilger aliwakusanya wakulima wenye madeni akawavisha mashati ya kijani na kuwaambia wafanyabiashara wa ng'ombe wa Kiyahudi ndio adui yao.

Montpellier ni mji wa shule kongwe ya utabibu. Mwanzoni mwa 1935 wanafunzi wa huko waligoma kuwapinga wanafunzi wa kigeni, na mgomo ukafika Paris ndani ya siku chache. Wageni wengi waliokusudiwa walikuwa Wayahudi wa Romania waliokimbia vyuo vya kwao kwa kupigwa. Na tangu Aprili 1933 kulikuwa na sheria iliyofungia udaktari kwa raia tu. Julai 1934 ikaja nyingine iliyowazuia waliopata uraia wa tajnisi wasiwe mawakili kwa miaka 10. Neno Myahudi halikuandikwa popote katika sheria hizo. Kila aliyezipigia kura alijua zinamlenga nani.

Constantine iko Algeria, lakini wakati huo Algeria ilihesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa. Wayahudi wa huko walipewa uraia kwa mkupuo mwaka 1870 kwa amri ya Crémieux, na Waislamu walio wengi wakanyimwa. Walowezi wa Kizungu waliwachukia Wayahudi kwa uraia huo kuliko hata magazeti ya Paris, na miji kama Oran ilichagua mameya kwa sera hiyo tu. Agosti 1934 ugomvi ulizuka Constantine baada ya askari Myahudi mlevi kuwatukana Waislamu msikitini. Siku mbili baadaye, tarehe 5, Wayahudi 25 waliuawa, watoto wakiwemo, na jeshi lililokuwa mjini lilichelewa kuingilia. Waliowaua walikuwa jirani zao Waislamu, na hilo sitalificha. Sitaficha pia kwamba utawala ulioligawa jiji kwa madaraja ya uraia, kisha ukaacha magazeti ya walowezi yapepee moto miaka sitini, haukuwa mtazamaji.

"Wayahudi wenyewe walifanya nini? Walinyamaza?" – Mama wa watoto wanne

Dada, walibishana. Wakubwa wa jumuiya, wale wa familia za zamani, walishauri utulivu: msiseme Kiyidi kwa sauti kwenye metro, msiingie kwenye maandamano, msiwape maneno. Waliamini Ufaransa ingerudi kwenye akili zake. Juni 1936 waliwapokea hata wanachama wa Croix-de-Feu, chama kikubwa cha maveterani cha mrengo wa kulia, katika sinagogi la rue de la Victoire kuwaombea Wayahudi waliokufa vitani. Vijana wa Belleville walikasirika sana kwa hilo.

Wengine walipigana. Mwandishi Bernard Lecache alianzisha jumuiya yake mwaka 1927, wakati wa kesi ya Samuel Schwartzbard, mtengeneza saa aliyempiga risasi kiongozi wa Ukraine Symon Petliura barabarani Paris kulipiza mauaji ya ndugu zake, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Jumuiya hiyo, LICA, ilikuwa na wanachama Wayahudi na wasio Wayahudi. Walikwenda pale magazeti yaliponadiwa wakasimama uso kwa uso na wauzaji, walifungua kesi, walichapa gazeti lao la Haki ya Kuishi. Ni hao waliopiga kelele hadi amri ya 1939 ikapatikana.

Nawaelewa wote wawili. Mama aliyemwambia mwanawe anyamaze kwenye metro alikuwa anamlinda kwa silaha aliyokuwa nayo. Ila nikilazimishwa kuchagua, niko na vijana.

"Waliofanya hayo waliadhibiwa?" – Mwanafunzi wa kidato cha sita

Kwanza walipandishwa vyeo. Vallat, yule wa bungeni, alifanywa mwaka 1941 kuwa kamishna mkuu wa mambo ya Wayahudi chini ya Vichy. Aliyemfuata Mei 1942 alikuwa Darquier, na ni wakati wake ambapo ukamataji wa Julai ulifanyika. Wayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa hadi kambi za Wanazi; waliorudi ni takriban 2,500.

Baada ya ukombozi, Maurras alihukumiwa kifungo cha maisha mjini Lyon, Januari 1945. Vallat alipewa miaka 10 mwaka 1947 na hakuimaliza. Darquier alihukumiwa kifo mwaka huohuo bila kuwapo mahakamani, kwa kuwa alikwishakimbilia Hispania ya Franco. Ufaransa haikumpata. Mwaka 1978 mwandishi wa jarida la L'Express alimfuata huko akamhoji, na mzee huyo alidai kwamba kule Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, waliouawa kwa gesi ni chawa tu. Mahojiano hayo yalipochapishwa yaliitikisa Ufaransa nzima. Alifariki Hispania mwaka 1980.